Mali bila daftari huisha bila habari

Wiki mbili kabla ya kutetea kazi zetu, mwenzangu mmoja na mimi tulikaa barazani kwetu Kikula tukilinganisha hesabu. Matini yetu ilikuwa moja: mazungumzo tuliyoyarekodi sokoni na katika nyua za mtaa, tukayaandika neno kwa neno. Programu ya kuhesabu maneno nayo ilikuwa moja, na tuliiita kwa amri ileile. Yeye alipata neno *ombe* mara thelathini na moja. Mimi sikulipata hata mara moja.

Msomaji wa kitivo chetu ameshang'amua. Hakuna neno *ombe* linalosimama peke yake katika mazungumzo ya wauza nyama wa Kikula. Lililokuwamo ni *ng'ombe*. Kompyuta yake ilikuwa imepakua toleo jipya la programu, ambalo linakata neno kila linapokutana na ritifaa. Yangu ilikuwa na toleo la miezi sita nyuma, ambalo huiacha ritifaa ndani ya neno. Kwake *ng'ambo* ilizaa *ng* na *ambo*, na *ng* ikawa miongoni mwa maneno yanayotumika sana katika Kiswahili cha Likasi.

Profesa aliyekuwa akituongoza alitazama majedwali mawili, akavua miwani, akatuuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Sasa bana bangu, hesabu ya kweli njo gani?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandika alitumia toleo gani. Kazi zetu zikasogezwa hadi kikao cha pili. Kosa lilikuwa letu, nami simlaumu mtu mwingine.

Naandika makala haya kudai jambo moja. Sisi wa lugha tumezoea kuulizana toleo la kitabu: chapa ya ngapi, mhariri nani, ukurasa upi. Nadai kwamba programu tunazozitumia kusoma matini zetu zistahili maswali hayohayo, na kwamba kitivo kiwe na daftari lake la programu hizo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi mali yetu ni maneno.

Kifurushi na mzigo uliomo ndani yake

Kwa ndugu ambao hawajawahi kufungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nieleze kwa ufupi. JavaScript ni lugha ya programu iliyozaliwa mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za intaneti. Mwaka 2009 ilipata Node.js, chombo kinachoiwezesha kufanya kazi nje ya kivinjari, na mwaka 2010 Isaac Schlueter akatoa npm, yaani kisimamizi cha vifurushi. Kazi yake ni kuleta programu kutoka ghala kuu la mtandaoni na kuzipanga katika kompyuta yako, pamoja na kila kitu ambacho programu hizo zinakitegemea.

Hapo mwanzo vifurushi hivyo vilibeba maandishi ya JavaScript ambayo mtu angeweza kuyafungua na kuyasoma. Leo vingi vinabeba kitu kingine: binari, yaani programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ambayo asili yake iliandikwa kwa Go, Rust au C. Mfano maarufu ni esbuild ya mwaka 2020, iliyoandikwa kwa Go na Evan Wallace. Kwa nini programu ya Go ipande gari la JavaScript? Kwa sababu gari hilo linafika kila mtaa. Linafika kwenye Linux, Windows na Mac kwa amri moja. Tena halidai nywila ya mkuu wa kompyuta, kwa hiyo mwanafunzi anayetumia kompyuta ya chumba cha kusomea anaweza kuweka chombo ndani ya folda yake bila kumsumbua mtu.

Ndani ya kila kifurushi kuna faili liitwalo `package.json`, na ndani yake kunaweza kuwa na kipengele `bin`. Hicho ndicho kinachosema: ukiandika jina hili, endesha faili lile. Neno hilo ni kifupi cha binari, lakini wenzangu wengine hawakulisahau tena pale nilipowakumbusha kwamba katika majina ya pwani *bin* ni "mwana wa". Amri ni mwana, faili ni mzazi, na `bin` ndiyo inayotaja ukoo. Kisimamizi kinaziweka amri hizo katika folda `node_modules/.bin`. Mwaka 2017 kikaongezewa mkono mwingine, `npx`: ukiita amri ambayo huna, inaipakua na kuiendesha papo hapo.

Urahisi huo ndio uliotuponza. Ukiandika `npx` na jina tupu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa na kifurushi hicho, unaletewa toleo la mwisho lililotangazwa ghalani siku hiyo. Mwenzangu alipakua mwezi wake, nami mwezi wangu. Jina lilikuwa moja lakini watu walikuwa wawili, kama wale wanafunzi wawili wenye jina moja katika darasa letu ambao kila mtihani maksi zao hubadilishana.

Mega zetu na safari ya pili

Hapa kwetu kuna jambo la pili, nalo ni pesa. Watanzania huita mega za intaneti wanazonunua "kifurushi". Hivyo ukiwa Likasi na ukazungumza na rafiki wa Dodoma, unaweza kusema bila kosa la sarufi kwamba kifurushi kimekula kifurushi. Umeme ukikatika katikati ya upakuaji, unaanza tena, na mega zilizokwenda hazirudi.

Mtu atasema dawa ni rahisi: pakueni mara moja, muweke kwenye flashi, mgawane. Ni kweli, na npm yenyewe inaruhusu. Inatunza nakala ya kila ilichopakua katika akiba yake, na ukiandika `npm ci --offline` inasimika kutoka akibani bila kugusa mtandao. Lakini dawa hiyo inategemea binari imefungwaje, na hapa ndipo naomba wasomaji wakae sawa, kwa maana hatukufundishwa na mtu. Tulijifunza kwa kuungua.

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza, binari ya kila aina ya kompyuta inafungwa kama kifurushi kamili kinachojitegemea: kimoja cha Linux, kimoja cha Windows, kimoja cha Mac. Kifurushi mama kinavitaja vyote kuwa si vya lazima, na kisimamizi kinachagua kile kinachofaa mashine yako. Esbuild hufanya hivyo. Njia ya pili, kifurushi ni ganda tu. Ndani yake mna hati ndogo inayoendeshwa wakati wa kusimika, nayo hati hiyo inatoka tena kwenda mtandaoni, mahali pengine kabisa, kuichukua binari. Kwa miaka mingi kifurushi `@vscode/ripgrep` kilifanya hivyo: kilileta ganda kutoka ghala la npm, kisha kilikwenda GitHub kuchukua programu yenyewe.

Kwa mtu wa mji wenye intaneti isiyokatika, njia hizo mbili hazina tofauti. Kwa mtu wa Kikula zinatofautiana sana. Katika njia ya kwanza flashi yako imebeba chakula. Katika njia ya pili imebeba sahani: ukifika nyumbani bila mtandao, hati inatoka kutafuta binari, inakosa, na kazi inakufa hapo.

Kisha kuna uaminifu. Unaposimika kwa npm, faili jingine liitwalo `package-lock.json` linaandika toleo kamili la kila kifurushi, pamoja na muhuri wa sha512. Muhuri huo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutoka kwenye kifurushi chenyewe. Ikibadilika herufi moja ndani, muhuri haulingani na npm inakataa. Hilo ndilo daftari ninalolisema. Lakini katika njia ya pili muhuri unalinda ganda tu. Binari iliyoletwa na safari ya pili haimo daftarini, isipokuwa mtunzi wa kifurushi awe ameweka ukaguzi wake mwenyewe. Ni kama karani anayeandika namba ya gunia bila kufungua kuona kama ndani mna mahindi.

Hofu hii haikutungwa na waoga. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 akaunti ya mtunzi wa kifurushi `ua-parser-js`, kinachotumika duniani kote, ilitekwa. Yalitolewa matoleo yenye hati ya kusimika iliyokwenda kupakua programu ya kuchimba sarafu za kidijitali na, kwenye Windows, programu ya kuiba nywila. Waliosimika siku hiyo hawakubofya kiungo chochote cha ajabu. Waliandika amri waliyoizoea. Ndiyo maana kisimamizi kingine, pnpm, tangu toleo lake la 10 la mwaka 2025, hakiendeshi hati za vifurushi unavyovitegemea mpaka wewe mwenyewe uviruhusu. Katika npm unaweza kuzizuia kwa kuongeza `--ignore-scripts`.

Kiswahili hubadilika kichwani

Naona profesa mmoja wa fasihi akikunja gazeti. "Mambo hayo ni ya wale wa kompyuta. Sisi tuna lugha." Heshima yake, Profesa, lakini humo ndani ndimo lugha yetu inamochakatwa, na mara nyingi na chombo kisichoijua.

Chukua Pagefind, programu iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni ya CloudCannon, iliyoandikwa kwa Rust na kusambazwa kwa npm kwa ile njia ya kwanza. Inasoma kurasa zako na kuzitengenezea faharasa ya kutafutia, bila kuhitaji seva ya kulipia. Tuliichagua iwe mlango wa mkusanyo wetu wa mazungumzo, na maneno ya kiolesura chake yanapatikana kwa Kiswahili. Lakini ukiiambia kwamba kurasa zako ni za Kiswahili, inakueleza waziwazi kwamba haina kanuni za kurudisha maneno ya lugha hii kwenye mizizi yake. Naisifu kwa ukweli huo. Programu nyingi hunyamaza.

Maana ya onyo hilo ni nini? Kifaransa hubeba mabadiliko mengi mwishoni mwa neno, kwa hiyo chombo kinachokata mikia kinaona kwamba *chanter*, *chantez* na *chanté* ni ukoo mmoja. Kiswahili hubadilika kichwani. Andika *som* katika kisanduku cha kutafutia, utapata *soma*, *somo*, *someni*. Hutapata *ninasoma*, *walisoma* wala *hatutasoma*. Na kwetu hutapata *balisoma*, kwa sababu Kiswahili cha Katanga husema *ba-* pale ambapo Kiswahili cha vitabuni husema *wa-*. Mwanafunzi asiyejua hili atatafuta, atakosa, ataandika katika tasnifu yake kwamba kitenzi hicho ni adimu Likasi.

Aliyejua atachukua chombo kingine. Ripgrep, programu ya Andrew Gallant ya mwaka 2016, hutafuta kwa ruwaza badala ya faharasa. Ukiandika

`rg -o '\b[wb]a(na|li|ta)som\w*'`

unapata *wanasoma* ya kitabuni na *banasoma* ya Kikula kwa swali moja. Tazama vizuri ruwaza hiyo. Ni kiambishi cha nafsi, kiambishi cha njeo, mzizi, na kiishio. Ni mchanganuo ule tunaoufanya ubaoni mwaka wa kwanza. Mhandisi mgeni wa Kiswahili asingeweza kuiandika, na mwanafunzi yeyote wa kitivo hiki angeiweza kwa nusu saa. Basi nani aseme mambo haya si yetu?

Tena katika ukoo wetu wa kitaaluma kuna mfano wa uaminifu tunaouhitaji. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Maneno ameyaunganisha na kuyatenga kwa mazoea yake mwenyewe. Johannes Fabian, alipoyachapisha maandishi hayo mwaka 1990 kwa msaada wa Kalundi Mango, hakuyasahihisha kimyakimya. Alionyesha matini kama ilivyokuwa, na kando yake matini iliyoandikwa upya baada ya kusomwa kwa sauti. Msomaji anajua ni wapi Yav amesema na wapi mhariri ameamua. Programu inayoamua kama *ng'ombe* ni neno moja au mawili nayo ni mhariri. Tofauti ni kwamba sisi hatukumwandika jina.

Wanaopinga, na ninayoyaomba

Kuna pingamizi ninalolikubali kwa nusu. Wapo wanaosema: kama unahitaji programu moja tu, kwa nini upite npm? Pakua binari yenyewe kutoka kwa mtunzi, hakiki muhuri wake, iweke kwenye flashi, basi. Ni kweli. Kwa programu moja hiyo ndiyo njia fupi, na npm ni kumbeba tembo ili ufikishe yai, kwani Node.js yenyewe ni makumi ya mega. Lakini sisi hatuna programu moja. Tuna ya kutafuta, ya kuhesabu, ya kukagua tahajia, ya kutengeneza faharasa, na kompyuta ni za kila aina. Zikifika tano, flashi inakuwa soko la Jumamosi. Hapo daftari moja linalotaja zote, matoleo yake na mihuri yake, linalipa gharama ya tembo.

Wengine wanasema tutakuwa watumwa wa matoleo ya zamani. Nami najibu kwamba kufunga toleo si kukataa jipya. Tunahama pamoja, siku tuliyoichagua, baada ya kuhesabu matini ileile kwa toleo la zamani na jipya na kuona nini kimebadilika. Aliyefanya hivyo angemwona *ombe* siku ya kwanza.

Basi naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya ng'ambo.

La kwanza, kitivo kiwe na folda moja ya vyombo, yenye `package.json` na `package-lock.json`, itunzwe kwenye kompyuta ya chumba cha kusomea pamoja na akiba yake ya vifurushi. Anayeitunza akumbuke jambo lililotuchoma: akiba iliyojazwa na kompyuta ya Linux haina binari za Windows, hata kama daftari linazitaja. Lazima ziongezwe kwa makusudi kwa `npm cache add`. Na wenye kompyuta za zamani za biti 32 waambiwe mapema, kwa sababu baadhi ya programu hizi hazitengenezewi binari za mashine zao.

La pili, kifurushi kisiingie katika folda hiyo kabla mtu hajakifungua na kuona kama kinabeba binari au kinaifuata nje kwa hati. Chenye njia ya kwanza kitangulizwe. Cha njia ya pili kikiwa hakina mbadala, binari yake ihifadhiwe kando na muhuri wake uandikwe kwa mkono.

La tatu, kila tasnifu yenye jedwali la idadi iwe na mistari miwili chini yake: jina la programu na toleo lake, kisha kanuni iliyotumika kukata maneno. Je, ritifaa iko ndani ya neno au nje? Je, *iko nasoma* ni neno moja au mawili? Jopo liulize hilo kama linavyouliza mwaka wa kuchapishwa kwa kitabu.

La nne, tuvipe vitu hivi majina. Nimesema kisimamizi cha vifurushi, dirisha la amri, ghala, akiba, muhuri, daftari. Mengine yatakataliwa, na iwe hivyo, mradi tukatae kwa kupendekeza lililo bora. Kitu kisicho na jina katika lugha yako ni vigumu kukidai na ni vigumu kukikagua.

Mwenzangu na mimi tulirudi katika kikao cha pili. Tulikuwa tumefunga toleo moja, tukaandika kanuni yetu ya ritifaa, tukahesabu upya matini yote, kila mtu kwenye kompyuta yake, kwa siku mbili tofauti kwa sababu umeme ulitunyima siku ya kwanza. Majedwali yalilingana hadi tarakimu ya mwisho. Profesa aliyapitia bila kusema neno, akafika chini, akasoma ile mistari miwili, akaipigia mstari kwa kalamu yake nyekundu. Nilidhani ni kosa jipya. Kumbe alikuwa anainakili kwenye daftari lake.